Maboma ya Kale kati ya Pangani na Vuga

Mtu asimamaye Mashewa na kutazama huku na huku huona milima pande mbili. Upande wa magharibi ni milima mikubwa ya Usambara, yenye Vuga na Lushoto. Upande wa mashariki ni Usambara ya Mashariki, ambayo nyuma yake ni Muheza na bahari. Katikati ni bonde, na katika bonde hilo mto Lwengera hushuka kwenda kusini hata ukaungana na mto mkubwa wa Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani. Ng'ambo ya Ruvu ni nchi ya Wazigua, hata Handeni na mbele yake.

Leo nchi hii yote ni moja. Mtu hutoka Mashewa asubuhi akafika Korogwe, na kutoka Korogwe akaenda Handeni, Muheza au Pangani, wala hapana amwulizaye, “Wewe ni mtu wa nani?” Zamani haikuwa hivyo. Miaka mia moja na sabini iliyopita nchi hii ilikuwa mpakani. Enzi ya Sultani wa Unguja ilitoka baharini ikapanda. Enzi ya Wakilindi ilitoka Vuga ikashuka. Na Wazigua, waliokuwa na bunduki nyingi, hawakupenda kutawaliwa na huyu wala na yule. Tena Wamasai walikuja kutoka nyikani kuteka ng'ombe. Kwa hiyo nchi ilijaa maboma, makubwa kwa madogo.

Katika somo hili tutayazuru baadhi ya maboma hayo, tukianza pwani na kupanda hata milimani. Katika kila mahali tutauliza maswali matatu: Nani alilijenga? Alimwogopa nani? Na je, lilimfaa? Mtu asiyeuliza maswali hayo huona mawe tu. Lakini aulizaye huona mambo ya watu.

1. MAJINA YA NGOME

Kwanza yatupasa kujua majina. Jengo la mawe lililojengwa kwa ajili ya vita huitwa ngome. Wengine hulitaja kwa neno la Kiarabu, husuni, kama ile Husuni Kubwa ya Kilwa. Watu wa pwani walikuwa na jina jingine tena, yaani gereza. Siku hizi tusikiapo gereza twafikiri wafungwa tu. Lakini hapo zamani gereza lilikuwa ngome ya askari. Maana yake iligeuka kwa sababu ngome nyingi zilipokwisha kazi ya vita zilitiwa wafungwa. Ngome ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa kifungo cha wahalifu tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, na baada yake ikawa nyumba ya makumbusho.

Huku kwetu barani neno kubwa lilikuwa boma. Boma ni ukigo wowote wenye nguvu, uwe wa miti, wa miiba, wa udongo au wa mawe. Wajeremani walipokuja na kujenga nyumba zao za serikali zenye kuta nene, watu waliziita maboma pia, na hata leo mtu akisema, “Naenda bomani,” twafahamu ya kuwa anakwenda kwenye afisi ya serikali. Basi neno hili moja limebeba habari ya miaka mingi.

2. CHOGWE NA TONGWE

Tuanze safari yetu Pangani, mahali mto uingiapo baharini. Mji huu ulikuwa mlango wa nchi. Pembe za ndovu zilishuka hapa kutoka Usambara, Upare na Umasai, na nguo, shanga, waya na bunduki zilipanda kutoka hapa kwenda bara. Watumwa nao walishuka kwa njia hiyo hiyo. Aliyeishika njia ya Pangani alishika mali nyingi.

Kwa sababu hiyo Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, aliweka askari wake juu ya njia hiyo. Hawakuwa Waarabu wala watu wa pwani, bali Mabulushi, watu wa ng'ambo ya bahari kutoka nchi iliyo kati ya Uajemi na India, ambao masultani wa Omani walizoea kuwaajiri kwa vita. Kambi yao moja ilikuwa Chogwe, si mbali na Pangani, juu ya mahali palipoinuka. Ngome ya pili ilikuwa mbele zaidi, juu ya kilima cha Tongwe, katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Muheza. Hii ya Tongwe ilijengwa mwaka 1853.

Angalieni jambo hili. Kilima cha Tongwe kilikuwa katika nchi iliyomtii mfalme wa Vuga, Kimweri ye Nyumbai. Seyyid Said hakukitwaa kwa vita. Alijenga kwa mapatano na Kimweri. Wafalme wawili hawa walikuwa na desturi ya kushirikiana katika miji ya pwani kati ya Tanga na Pangani. Wakubwa wa miji hiyo walitafuta kibali cha Vuga, na kibali cha Unguja pia. Kila mmoja alijua ya kuwa hawezi kutawala peke yake pasipo hasara. Sultani alikuwa na majahazi na fedha, lakini hakuweza kupanda milima. Kimweri alikuwa na watu wengi milimani, lakini bidhaa zake zilihitaji bandari. Na wote wawili waliwaona Wazigua wenye bunduki kuwa hatari kwao. Basi ngome ya Tongwe haikuwa ukuta kati ya maadui wawili. Ilikuwa alama ya mapatano ya wawili juu ya watatu.

Mwezi wa Februari mwaka 1857, miezi michache baada ya kufa Seyyid Said, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita njia hii wakienda Vuga. Waliona Chogwe na Tongwe, na Burton akaandika habari zake kitabuni. Huko Chogwe walimkuta askari mmoja Mwafrika, jina lake Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Unguja, akajiandikisha kuwa askari. Wageni wale walimpenda kwa bidii yake, wakamchukua. Tangu siku hiyo Bombay hakukaa bomani tena. Alikwenda na Burton na Speke hata ziwa Tanganyika mwaka 1858. Akaenda na Speke na Grant kutafuta chimbuko la mto Naili. Akaenda na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone. Na mwisho akaenda na Cameron aliyelivuka bara la Afrika kutoka bahari hata bahari. Watu wengi husoma majina ya Wazungu hao wasijue ya kuwa mwenzao alitoka katika boma dogo karibu na Pangani.

3. MIJI YA MTONI NA MIJI YA KICHAKANI

Tukiondoka Tongwe na kushuka kwenye bonde la Ruvu, hatuoni tena ngome za mawe. Watu wa huku hawakuwa na chokaa wala mafundi wa kuajiri, lakini walikuwa na akili, na nchi yenyewe iliwasaidia.

Korogwe ya kale ilikuwa mji wa kisiwani, katikati ya mto Ruvu. Maji yaendayo kasi ni ukuta usiohitaji kujengwa. Adui hawezi kuyachoma moto, wala hawezi kuyachimba chini. Tena mtu wa kisiwani hana taabu ya kiu, ambayo ndiyo iliyowashinda wengi waliojenga juu ya vilima. Adui akionekana, mitumbwi huvutwa upande wa kisiwa na magogo ya kuvukia huondolewa, basi mji umefungwa mlango.

Wale waliokuwa mbali na mto walijenga vichakani. Wazigua na Wabondei waliacha msitu mnene uzunguke mji, wakakata njia moja nyembamba yenye kupindapinda, ili wageni waje mmoja mmoja, wala wasiweze kuona mbele. Mwisho wa njia palikuwa na mlango wa magogo mazito. Ndani yake ukigo wa miti iliyochimbiwa chini na kufungwa kwa kamba. Mlango wenyewe ulikuwa mfupi, hata mtu alilazimika kuinama. Mtu aliyeinama hawezi kuinua upanga wala kulenga bunduki, na kichwa chake hutangulia mwili. Ndiyo sababu mlango mfupi ulikuwa mlinzi mzuri kuliko mlango mkubwa wenye askari wawili.

Miti mingine ya ukigo ilichagiza, ikatoa majani na mizizi, ikawa ukuta ulio hai ukuao nguvu kila mwaka badala ya kuoza. Mkulima atembeaye porini hata leo akiona duara ya miti mizee sana iliyosimama karibu karibu, na ndani yake vigae vya vyungu na mawe ya meko, na ajue ya kuwa yumkini hapo palikuwa na mji. Hilo nalo ni boma la kale, ijapokuwa halikuandikwa kitabuni.

Sasa tuulize swali la pili: watu hawa walimwogopa nani? Walimwogopa simba, naam. Walimwogopa Mmasai aliyetaka ng'ombe. Lakini zaidi ya hao walimwogopa mtu wa kuteka watu. Mtoto aliyetumwa maji mbali na mji aliweza kukamatwa, akafichwa, akashushwa pwani usiku, asionekane tena. Pangani ilikuwa mahali pa kuwauza hao. Fikirini maisha ya mahali ambapo mama hawezi kumtuma mtoto kisimani pasipo hofu, na ambapo shamba lililo mbali haliwezi kulimwa kwa sababu hakuna wa kulilinda. Boma liliokoa watu, lakini liliwafunga pia. Mtu aliyelala ndani yake alilala salama, na asubuhi alitoka kwa kuogopa.

4. VUGA, MJI WA MFALME

Sasa tupande milimani. Wakilindi walitawala Usambara tangu Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka nchi ya Nguu, ambaye Wasambaa walimpokea na kumfanya mkubwa wao katika karne ya kumi na nane. Kitukuu wake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala miaka mingi hata alipokufa mwaka 1862, na wakati wake ufalme ulikuwa mkubwa kuliko wakati wowote mwingine. Aliwaweka wanawe katika miji mbalimbali, nao walimletea kodi.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mara mbili, mwaka 1848 na mwaka 1852. Burton na Speke walifika mwaka 1857, lakini hawakuruhusiwa kulala ndani ya mji wa mfalme. Burton aliandika ya kuwa aliambiwa mji una nyumba kama 500 na watu kama 3,000. Akaandika pia jambo la kuchekesha kidogo: Kimweri alikuwa na askari wa bunduki kama 400, naye akawaita “Waingereza” wake, kwa sababu ya sifa ya taifa hilo katika mambo ya silaha.

Vuga haikuwa na ukuta wa mawe wala minara. Ngome yake ilikuwa mlima wenyewe, na njia kali zipandazo kutoka nyikani, ambazo watu wachache waweza kuzilinda. Lakini ngome yake kubwa zaidi ilikuwa utii wa watu. Muda wote nchi ilipomtii Kimweri, adui aliyetaka kufika Vuga ilimpasa kwanza kupita kwa watu wengi ambao wangempigia mbiu. Mfalme aliyezungukwa na watu wake hahitaji ukuta mrefu.

5. MAZINDE NA VITA VYA NDUGU

Kimweri alipokufa, mjukuu wake Shekulwavu alishika ufalme. Lakini Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa mkubwa wa Mazinde, chini ya mlima, katika njia ya misafara iendayo Upare na Umasai. Mazinde ilikuwa mahali pa joto na vumbi, si mahali pa heshima kama Vuga. Ila biashara ilipita hapo. Semboja alipata pembe, na kwa pembe akapata bunduki na baruti, na kwa bunduki akapata watu wa kupigana. Hivyo mwana aliyewekwa bondeni akawa na nguvu kuliko mfalme aliyekaa mlimani.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe badala yake. Wakati huo huo Wabondei waliinuka juu ya Wakilindi, katika machafuko yaitwayo Kiva, wakawaua wengi na kuwafukuza wengine. Usambara ya Mashariki na ya Magharibi zikawa na watawala waliopigana, na mabonde yaliyo kati yao yakawa njia ya vita. Waliotekwa vitani waliuzwa ili kununua baruti, na baruti ilitumika kuteka wengine. Ndipo kila mji, hata mji wa nyumba kumi, ulipojitafutia boma lake.

Twaona basi jambo la ajabu. Wakati wa Kimweri maboma yalikuwa machache na nchi ilikuwa na amani zaidi. Baada yake maboma yalikuwa mengi, na amani haikuwapo. Kama ukuta peke yake ungeweza kuleta salama, watu wa miaka ya 1870 wangekuwa salama kuliko babu zao. Haikuwa hivyo. Mapatano yalipovunjika, miti na miiba haikuweza kuyarudisha.

Katika siku zile zile Mzigua mmoja, jina lake Kisabengo, alikwenda mbali upande wa kusini, akajenga mji wenye boma kubwa mahali panapoitwa leo Morogoro. Stanley aliuona mwaka 1871, ukiitwa Simbamwene kwa jina la binti yake, aliyetawala baada yake. Akausifu: kuta za mawe pande nne, minara pembeni, na milango ya mbao iliyochongwa. Mwaka uliofuata, mwaka 1872, mto ulifurika ukachukua sehemu ya ukuta ule na nyumba nyingi. Bunduki hazikuuangusha, mvua iliuangusha.

6. NGOME ZA NCHI NYINGINE

Msidhani ya kuwa mambo haya yalikuwa ya kwetu tu. Katika Uingereza, upande wa magharibi, iko nchi iitwayo Wales, nayo ilikuwa mpakani kwa miaka mingi. Mfalme Edward wa Kwanza alipoishinda, alianza mwaka 1283 kujenga ngome tatu kubwa sana za mawe: Conwy, Caernarfon na Harlech. Alizijenga karibu na bahari kwa akili, ili vyombo viweze kuleta chakula hata watu wa nchi kavu wakizizunguka. Walipoasi mwaka 1294, ngome zilizopata chakula kwa njia ya bahari hazikuanguka. Huu ni ule ule ujuzi wa watu wa Korogwe waliokaa mtoni.

Na ngome ya Mombasa yatufundisha upande wa pili. Waarabu wa Omani waliizunguka tangu mwezi wa Machi mwaka 1696 hata Desemba mwaka 1698, karibu miaka mitatu. Kuta zake hazikubomoka. Waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi, hata wakabaki wachache mno, ndipo Waarabu walipoingia. Basi maadui wa kila ngome ni wale wale, iwe ya mawe au ya miiba: njaa, kiu, moto, maradhi, na fitina ya watu wa ndani.

7. MABOMA YA WAJEREMANI

Mwaka 1888 Wajeremani walipotaka kuishika pwani, vita vilianza Pangani chini ya Abushiri bin Salim. Mwaka 1889 Pangani ilitekwa kwa mizinga, na mwezi wa Desemba Abushiri alinyongwa huko huko. Kisha Wajeremani wakapanda bara kwa njia ile ile ya pembe na watumwa, wakaweka askari Mazinde, mahali pa Semboja. Semboja mwenyewe alikufa mwaka 1895, na mwaka huo huo mwanawe Mputa alinyongwa na Wajeremani. Handeni nako walijenga boma ili kuitawala nchi ya Wazigua, na milimani walifanya Lushoto kuwa makao yao, wakaiita Wilhelmstal.

Lakini kitu kilichoimaliza kazi ya maboma ya zamani kilikuwa reli. Ilianzwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea mpaka Mombo na baadaye Moshi. Watu walitoka visiwani na vichakani wakajenga karibu na stesheni na barabara. Utumwa nao ulipungua kidogo kidogo. Kuwasafirisha watumwa kwa bahari kulikatazwa kwa mapatano ya Sultani Barghash na Waingereza mwaka 1873, lakini sheria iliyoukomesha utumwa wenyewe katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922 tu. Tangu hapo mtoto aliweza kwenda kisimani.

8. JINSI YA KUZURU MAHALI PA KALE

Mwanafunzi atakaye kuzuru magofu ya Tongwe, au Vuga, au mahali pa mji wa kale karibu na kwao, na afuate desturi njema.

Kwanza, aombe ruhusa kwa wazee wa mahali hapo. Mara nyingi palipokuwa na boma pana makaburi pia, na makaburi yana wenyewe.

Pili, asimame kwanza juu ya mahali penyewe, kabla ya kutazama mawe, aangalie pande zote. Njia ilipita wapi? Maji yako wapi? Adui angeonekana akitoka upande gani? Mahali pa ngome husema mambo kuliko kuta zake.

Tatu, asiondoe jiwe, wala kigae, wala ushanga. Kigae kilichokaa mahali pake kina habari. Kikitiwa mfukoni ni takataka tu. Tena iko Sheria ya Mambo ya Kale, iliyotungwa mwaka 1964, inayokataza kuharibu vitu vya kale. Wako watu wachimbao magofu usiku wakitafuta mali iliyofichwa, na wengine huchukua mawe ya kujengea. Jiwe moja la kuegemeza chungu halimtajirishi mtu, lakini likiondolewa kila siku jiwe moja, ngome huisha.

Nne, aandike yale ayasikiayo kwa wazee, pamoja na jina la mahali na siku aliyoyasikia. Ngome ya mawe yaweza kungoja miaka mia moja mtu wa kuichunguza. Lakini boma la miti lililooza limebaki katika kumbukumbu za wazee tu, na mzee hangoji. Wengi waliojua mahali pa miji ile wamekwisha kufa.

9. TULIYOJIFUNZA

Tumeuliza maswali matatu katika kila mahali. Tongwe ilijengwa na Sultani kwa kibali cha Kimweri, kwa kuwaogopa Wazigua na kuilinda biashara. Ilifaa muda wa mapatano. Korogwe na miji ya vichakani ilijengwa na watu wenyewe, kwa kuwaogopa wateka watu. Iliokoa wengi, lakini haikuondoa hofu. Vuga ililindwa na mlima na utii. Utii ulipokwisha, mlima haukutosha. Mazinde ilipata nguvu kwa bunduki. Na wenye bunduki kubwa zaidi wakaja.

Ukuta humpa mtu nafasi ya kupumua, wala si jambo dogo. Lakini waliokaa nyuma ya ukuta, kama hawapatani wao kwa wao na jirani zao, wanangoja siku tu. Nchi hii kati ya Pangani na Vuga ilipata kulala milango wazi siku ile watu walipoacha kuuzana. Kila apitaye bondeni Mashewa bila silaha na bila woga, na akumbuke ya kuwa njia hiyo haikuwa wazi sikuzote.

MASWALI

1. Taja maana mbili za neno gereza, ya zamani na ya sasa. Kwa nini maana iligeuka?
2. Kwa nini Seyyid Said aliomba kibali cha Kimweri kabla ya kujenga Tongwe?
3. Sidi Mubarak Bombay alikuwa nani? Eleza safari zake tatu.
4. Kisiwa cha mtoni kilikuwa na faida gani kupita kilima?
5. Kwa nini mlango wa boma ulifanywa mfupi?
6. Semboja alipataje nguvu kuliko mfalme wa Vuga?
7. Ngome ya Mombasa haikubomoka, lakini ilitwaliwa mwaka 1698. Eleza sababu.
8. “Boma liliokoa watu, lakini liliwafunga pia.” Eleza maneno haya kwa sentensi tano.
9. Mwulize mzee mmoja wa kwenu kama ajua mahali palipokuwa na boma au mji wa kale. Andika jina la mahali, nani walikaa hapo, na kwa nini walihama. Chora picha ya nchi ikionyesha njia, maji na vilima.